Kuyeyusha donge la damu mguuni kwa katheta: ipi inastahili pesa zako, ipi uiache

Ukitaka jibu langu kabla ya maelezo, ni hili. Kama donge liko kwenye shavu la mguu au limeishia pajani, na mguu una rangi yake ya kawaida, karibu kila mara dawa za kuzuia damu kuganda zinatosha. Usikubali kuuziwa katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa. Kama donge limepanda hadi vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya nyonga, mgonjwa bado ana nguvu zake, hana jambo la kumfanya atokwe na damu kwa urahisi, na dalili hazijapita wiki mbili, basi katheta ya kawaida ya kudondosha dawa, ile isiyo na mbwembwe, ndiyo ningelipia tena. Ya mawimbi ya ultrasaundi singeiongezea hata shilingi. Ya kikapu cha kuvutia donge ningeitafuta kwa mgonjwa ambaye dawa ya kuyeyusha ni hatari kwake.

Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya umri wangu, thieta kwanza, kisha chumba cha uangalizi wa karibu, hapa hapa Mombasa, hadi nilipostaafu. Haya lakini nayaandika kama dada wa mgonjwa. Mimi ndiye niliyeketi kando ya kitanda, nikauliza maswali, nikashika kalamu ya kutia sahihi, nikakusanya pesa za ukoo. Hospitali ni ya binafsi na iko kisiwani. Jina lake silitaji, kwa sababu ninachokipima hapa ni tiba na jinsi inavyotolewa.

Mdogo wangu ni dereva wa trela. Hupakia makontena bandarini na kuyapeleka Malaba, mara nyingine hadi Kampala. Kazi hiyo ni ya kuketi: foleni ya mizani Mariakani, foleni ya mpakani, usiku kucha kwenye kiti. Maji hanywi ya kutosha maana akinywa atalazimika kusimama njiani. Safari moja alirudi mguu wa kushoto umevimba kuanzia kinena hadi vidole, umekaza, ngozi inang'aa, rangi imeanza kuingia ubuluu. Wa kulia mzima kabisa. Zahanati ya kwanza aliyopita ilimwambia msuli umevutika, ikamdunga sindano ya maumivu na kumruhusu aende nyumbani. Nilipofika kwake Majengo nilikuta mafuta ya karafuu yameshapashwa moto na mkandaji ameketi sebuleni anasubiri chai.

Nilimwambia mkandaji yule, "Niwie radhi khaleti, mguu huu haukandwi." Akaniuliza nimeanza lini kudharau mikono ya watu wazima. Sikudharau. Mguu mmoja uliovimba ghafla, mzima mzima, una donge ndani mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na kulikanda donge ni kulikaribisha lichomoke, lipande moyoni, liingie mapafuni. Mtu hufa hapo kwa hapo. Pwani yetu tunapenda kukandwa, na kuna maradhi ambayo kukandwa kunayafaa. Hili silo. Tulikwenda kupimwa doppla, ultrasaundi ya kutazama damu inavyopita mshipani, jioni hiyo hiyo, na mpimaji alipofika kinenani alinyamaza, akapanda juu zaidi kuelekea tumboni, kisha akaniambia, "Sista, imeziba mpaka juu."

Hapo ndipo swali la katheta linapoanza, na kabla ya kuzilinganisha inabidi ujue unalipia nini. Watu wengi wanadhani sindano za tumboni na vidonge vya damu vinayeyusha donge. Haviyeyushi. Heparini, enoksaparini, wofarini, rivaroksabani, zote kazi yake ni kuzuia donge lisikue na lisizaliwe jingine. Kuliondoa lile lililopo kunaachiwa mwili, nao huchukua wiki na miezi, na mara nyingi hauimalizi kazi. Ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Donge likikaa muda mrefu vilango vile vinaharibika, vinashikana na ukuta wa mshipa, na tangu hapo damu inatuama mguuni kila mtu anaposimama. Miguu ya namna hiyo nimeiosha kwa mikono yangu: ngozi ya kifundoni nyeusi na ngumu, na kidonda upande wa ndani kinachofunga leo na kufumuka mwezi ujao. Wapo walioacha kazi kwa ajili yake. Madaktari huipima hali hiyo kwa alama za Villalta, wakihesabu maumivu, uzito, mwasho, uvimbe, rangi ya ngozi na kadhalika. Ukifika alama 5 una ugonjwa huo, ukifika 15 au ukiwa na kidonda ni mkali.

Alteplesi, dawa ya kuyeyusha donge, ni ya namna nyingine. Nyuzi za fibrini zimelifunga donge kama wavu wa mvuvi. Alteplesi huiamsha plazmini, ambayo ni kimeng'enya cha mwili wenyewe, nayo ikazikata nyuzi zile moja moja. Ukiitia kwenye mshipa wa mkono inazunguka mwili mzima na hatari ya kuvuja damu, hata ubongoni, inapanda. Ndiyo sababu ya katheta: dawa kidogo, ipelekwe ndani ya donge lenyewe. Na inafanya kazi kwa donge bichi. Donge likishakomaa, wiki kadhaa, nyuzi za fibrini zinabadilika kuwa kovu na dawa haina cha kukata. Kwa hiyo ile zahanati iliyomrudisha nyumbani na painkila ilimla siku zake za thamani kuliko zote.

Sasa huduma yenyewe. Daktari wa picha za mishipa alimlaza kifudifudi, akapiga ganzi nyuma ya goti, akaingia kwenye vena ya hapo huku akiangalia kwa ultrasaundi. Akapitisha waya, kisha katheta nyembamba yenye matundu mengi ubavuni, akailaza ndani ya donge kwa urefu wake wote, kutoka pajani hadi nyonga. Mdogo wangu alikuwa macho, akimsikia daktari akizungumza. Maumivu, alisema, yalikuwa ya kuchomwa ganzi tu, na shingo iliyochoka kwa kulala vile. Kisha akapelekwa chumba cha uangalizi, pampu ikafungwa, alteplesi ikaanza kuingia polepole pamoja na heparini kidogo. Ili ujue ni kidogo kiasi gani: utafiti mkubwa wa Norway, CaVenT, ulitumia miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, isizidi miligramu 20 kwa siku. Mgonjwa wa kiharusi hupewa hadi miligramu 90 ndani ya saa moja.

Ni usiku ule unaoamua kama huduma ni nzuri au mbaya, na hapa ndipo naipa hospitali ile sifa zake zote. Muuguzi wa zamu alikuwa binti mdogo, pengine hajafika miaka thelathini, na alifanya kila kitu kinachotakiwa bila kukumbushwa. Presha na mapigo kila baada ya muda mfupi. Kumuuliza jina lake, yuko wapi, kichwa kinauma? Maana kichwa kikianza kuuma ghafla, au mgonjwa akachanganyikiwa, pampu inazimwa kwanza, maswali baadaye. Hakuruhusu sindano ya msuli, wala mtu kumnyoa, wala kumwinua kwa kumvuta mkono. Damu ilichukuliwa kwa zamu kupima wingi wa damu, na chembe sahani na fibrinojeni ambazo husaidia damu kuganda. Fibrinojeni ikiporomoka ni ishara kwamba dawa imeanza kutawanyika mwilini, na daktari anaipunguza au anaisimamisha. Usiku wa manane bandeji ya nyuma ya goti ililowa. Yule binti hakupapatika. Aligandamiza kwa kidole, akampigia daktari, akaweka alama ya kalamu kwenye ukingo wa doa aone kama linapanuka. Halikupanuka. Nimefundisha wauguzi wengi na ningejivunia kama huyu angekuwa mmoja wao.

Jambo moja halikunipendeza. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, ikasomwa haraka mlangoni, na neno "kuvuja damu" lilitajwa pamoja na mambo mengine kumi. Mdogo wangu alikuwa tayari kuweka sahihi kwa sababu ana adabu na hataki kumchelewesha daktari. Nilimwomba daktari, kwa heshima, arudie kwa Kiswahili na aseme wazi: uwezekano wa damu kuvuja kwa kiasi cha hatari ni mdogo, lakini upo, na ubongoni hauna marekebisho. Akarudia, vizuri tu, na hata akavuta kiti. Mgonjwa asiye na dada muuguzi angelipataje hilo? Chumba cha wageni nacho ni kidogo mno kwa mji ambao mgonjwa mmoja anatembelewa na mtaa mzima. Watu walikuja na mahamri na mbaazi, wakaambiwa mmoja mmoja, wakasimama koridoni kwa saa.

Kesho yake walimrudisha kwenye meza, wakatia dawa ya rangi, wakapiga picha. Paja lilikuwa limefunguka. Juu, kwenye vena ya nyonga ya kushoto, rangi ilifika mahali ikasita, ikawa nyembamba, ikatafuta njia za kando. Hii si bahati mbaya ya mdogo wangu peke yake. Ateri ya nyonga ya kulia hupita juu ya vena ya kushoto na kuibana dhidi ya mfupa wa mgongo. May na Thurner waliandika habari hiyo mwaka 1957 baada ya kuchunguza maiti 430, wakakuta kovu la mbano huo kwa asilimia 22. Ndiyo maana madonge ya nyonga hupenda mguu wa kushoto. Ukiyeyusha donge ukaacha mbano, damu itaganda tena mahali pale pale. Akapanuliwa kwa puto, akawekewa stenti, bomba la wavu wa chuma linaloushikilia mshipa ubaki wazi. Alipoinuka siku iliyofuata alitazama goti lake akasema, "Dada, naiona mifupa yangu." Alhamdulillahi.

Ningeweza kuishia hapo nikawaambia watu wote wakimbilie katheta. Siwezi, kwa sababu nimesoma tafiti, na tafiti haziimbi wimbo mmoja.

CaVenT ya Norway, wagonjwa 209, iliyochapishwa 2012, iliwapa nusu yao katheta pamoja na vidonge, nusu vidonge peke yake. Baada ya miaka miwili, asilimia 41 ya waliopata katheta walikuwa na ule ugonjwa wa mguu wa baadaye, dhidi ya 56 ya wenzao. Baada ya miaka mitano ilikuwa 43 dhidi ya 71. Tofauti kubwa. Hata hivyo walipoulizwa jinsi wanavyoishi, ubora wa maisha yao haukutofautiana. Kisha mwaka 2017 ikatoka ATTRACT ya Marekani, kubwa zaidi, wagonjwa 692, na matokeo yakawa 47 dhidi ya 48. Sawasawa. Kuvuja damu kwa hatari ndani ya siku 10 za mwanzo kukawa asilimia 1.7 kwa katheta na 0.3 kwa vidonge. Ukisoma hapo tu utafunga ukurasa. Lakini ATTRACT ilichanganya watu wenye donge la nyonga na wenye donge lililoishia pajani. Walipowatenga wale 391 wa nyonga, ugonjwa wa wastani hadi mkali uliwapata asilimia 18 ya waliotiwa katheta dhidi ya 28, na maumivu na uvimbe wa siku za mwanzo ulishuka haraka zaidi. Wale wa paja hawakupata faida yoyote, walipata hatari ya damu tu.

Kwa hiyo mtu akikuambia "katheta inasaidia" au "katheta haisaidii", muulize donge liko wapi. Hili ndilo jambo ninalotaka kila familia ya hapa ilishike, maana nimesikia jirani mmoja akipewa makadirio ya bei ya katheta kwa donge la shavu la mguu, na akaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Namshukuru Mungu alipita kwangu kwanza. Alitibiwa kwa vidonge, anatembea, kiwanja chake anacho.

Kuna mguu mmoja ambao mjadala wa asilimia hauuhusu: uliovimba mpaka damu haiingii, ukawa wa zambarau, baridi, unauma usivumilike. Huo ni wa dharura, donge litolewe kwa njia yoyote iliyopo usiku huo, au mguu unapotea.

Sasa ile ya mawimbi. Kabla ya mdogo wangu kutibiwa tuliomba makadirio mahali pengine, na huko wakatupendekezea EKOS, katheta yenye waya ndani unaotoa mawimbi ya ultrasaundi. Maelezo yake yanavutia sana: mawimbi yanalegeza nyuzi za donge ili dawa ipenye haraka. Hayakati donge wala hayaondoi haja ya alteplesi. Bado unalala na pampu, bado unahitaji kitanda cha uangalizi. Bei ikapaa. Nilitafuta ushahidi nikaupata wa Bern, Uswisi: wagonjwa 48, wote wamepewa dawa ile ile, miligramu 20 kwa saa 15, nusu mawimbi yamewashwa na nusu yamezimwa. Donge lilipungua kwa asilimia 55 kwa wenye mawimbi na 54 kwa wasio nayo. Halafu Uholanzi wakafanya utafiti wa CAVA, katheta za mawimbi dhidi ya vidonge peke yake, na baada ya mwaka ugonjwa wa mguu uliwapata 29 kwa mia dhidi ya 35, tofauti ambayo kwa wingi wa wagonjwa wao haikuweza kuthibitishwa. Mimi ni mtu wa kulipia kitu kinachoonekana. Kati ya 55 na 54 sikioni. Pesa zile tulizipeleka kwenye kitanda na stenti, na nina amani nazo.

AngioJet nayo inatajwa. Hii hupiga maji ya chumvi kwa kasi kubwa ndani ya mshipa, ikalivunja donge na kulinyonya kwa wakati mmoja, na unaweza kupulizia dawa ya kuyeyusha kwanza. Faida yake ni muda, kazi ya siku inapungua kuwa ya saa chache. Gharama yake inalipwa na figo. Maji yale yanapasua chembe nyekundu za damu, mkojo unatoka mwekundu au rangi ya chai kavu, na figo zinazochuja yale mabaki zinaweza kuumia. Moyo pia unaweza kwenda polepole mashine ikiwa inafanya kazi. Kwa mji wenye watu wengi wa kisukari na presha, ambao figo zao zimeshachoka kabla ya kufika hospitali, ningeuliza kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, kabla ya jambo jingine lolote, na ningetaka maji ya dripu ya kutosha baada yake.

Iliyobaki ni ya kikapu, na hii naifahamu kupitia binti wa rafiki yangu wa Nyali anayeishi Marekani. Alijifungua kwa upasuaji, na siku chache baadaye mguu wa kushoto ukavimba wote, donge hadi nyonga. Mwanamke aliyetoka kupasuliwa tumbo hatiwi alteplesi kirahisi; kidonda cha uzazi kinaweza kufunguka damu. Walimtumia ClotTriever. Ni kikapu cha waya kinachopitishwa kimefungwa hadi juu ya donge, kikafunguliwa, kikavutwa kurudi chini kikikwangua ukuta wa vena na kukusanya donge ndani ya mfuko wake. Hakuna dawa ya kuyeyusha, hakuna kulala na pampu. Mara moja, wakamaliza, usiku huo akamnyonyesha mwanawe. Alipokuja likizo alinionyesha picha aliyopewa ya vilivyotoka: vipande virefu vyekundu vyeusi vimepangwa kwenye kitambaa cha buluu. Nilizitazama muda mrefu. Katika kazi yangu yote donge la nyonga nililijua kwa picha za kivuli na kwa uvimbe wa nje, sikuwahi kuliona mezani.

Ningependa tiba hii ifike kwetu kwa wingi, hasa kwa akina mama wazazi na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Lakini nitasema na upande wake wa pili. Mlango wake nyuma ya goti ni mpana zaidi kuliko wa katheta ya dawa. Kifaa ni cha kutumia mara moja, na bei yake inajionyesha. Na ushahidi uliotangazwa zaidi ni wa kufuatilia takriban wagonjwa 500 waliotibiwa kwacho, bila kundi la pembeni la kuwalinganisha nao. Matokeo yao yalikuwa mazuri. Mazuri peke yake hayanitoshi baada ya kuona jinsi ATTRACT ilivyowashangaza watu waliokuwa na hakika.

Kuhusu bili, bei hubadilika, lakini vipande vyake ni vile vile popote: kifaa, dawa ya kuyeyusha, chumba cha picha, kitanda cha uangalizi, na stenti ikihitajika. Daini kila kimoja kiandikwe peke yake. Hospitali nyingi hukupa jumla ya katheta na kunyamazia stenti, na stenti ndiyo inayokuja kukuvunja mgongo katikati ya kazi, mgonjwa yuko mezani na wewe uko nje unatafuta namba ya nani umpigie. Sisi bima ya kazini ilibeba sehemu, iliyobaki ilichangwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na madereva wenzake wakatuma kutoka hadi Eldoret. Watu wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, na wa bima nyingine waulize kabla ya kulazwa, kwa maandishi.

Na usidhani katheta inakuondolea vidonge. Mdogo wangu alianza rivaroksabani miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha 20 mara moja, na kwa mtu mwenye stenti huwezi kuchezea hiyo hata wiki moja. Aliyepewa wofarini kwa sababu ya bei asione ametupwa. Ni dawa nzuri mradi apime INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2 na 3, na mboga zake za majani zisiwe karamu leo na ukame kesho. Soksi za kubana alinunuliwa na shemeji yetu kwa nia njema. Joto la Mombasa la Februari unalijua. Utafiti wa SOX wa 2014, wagonjwa zaidi ya 800, haukuona kama soksi hizo zinazuia ugonjwa wa mguu wa baadaye, kwa hiyo nilimwambia azivae siku mguu ukijaa zikimpa nafuu, na asizivae zikimtesa. Akazipanga kabatini.

Kliniki ya ufuatiliaji ndiyo sehemu dhaifu ya huduma hii. Miadi ya asubuhi inakuwa ya adhuhuri, na kila mara daktari ni mwingine, anasoma faili mbele yako. Beba nakala ya picha zako kwenye diski na barua ya kutokea hospitali. Doppla ya stenti waliifanya vizuri, ikaonekana wazi, na mpimaji alieleza kwa Kiswahili anachokiona. Ramadhani ilipokaribia tulirudi mahsusi kuuliza habari za kufunga. Kwa kuwa alikuwa ameshapita zile siku 21 za dozi mbili, daktari aliruhusu, akasema kidonge cha 20 kimezwe pamoja na chakula, kwani tumbo tupu halikifyonzi sawasawa. Sasa anakimeza na futari, baada ya tende na uji, kila jioni saa ile ile, na akiwa safarini wenzake humpigia simu wakamuuliza kama amemeza.